Karatasi ya kukaa siku zote: namna ya kukadiria muda kiisha ndugu kupewa hifadhi ku ngambo

Mu komine zote ine za Likasi, kuanzia Kikula mupaka Panda, si vigumu kupata familia yenye mutoto ku Johannesburg, Bruxelles, Montréal ao Marekani. Siku mutoto huyo anapopiga simu na kusema "wamenikubali", furaha inajaa ku nyumba. Wiki mbili nyuma, ulizo lingine linaanza: sasa karatasi ya kukaa siku zote inatoka lini? Baba anataka kujua kama auze kiwanja ao angoje. Muke anataka kujua kama watoto waandikishwe tena shule hapa. Jibu linalokuja ku telefoni ni "mwaka kesho". Mwaka kesho ukifika, jibu ni lile lile, na maneno mabaya yanaanza kuingia mu familia: anaficha kitu, amepata muke mwingine, ametusahau.

Mara nyingi hafichi kitu. Yeye mwenyewe hajui kuhesabu, kwa sababu muda huo uko na sehemu mbili ambazo watu wanazichanganya. Sehemu ya kwanza ni miaka ambayo sheria ya inchi inalazimisha mutu apitishe mbele ya kuomba ukaaji wa kudumu. Hiyo inahesabika ku kalenda, hata mutoto wa shule anaweza kuifanya, kama tu anajua siku gani hesabu inaanza. Sehemu ya pili ni foleni: dosie imeingia, inangoja zamu yake ku biro. Hiyo haina tarehe, inakadiriwa tu. Kuna inchi ambamo sehemu ya kwanza ni ndefu na ya pili ni fupi. Kuna zingine ambamo sheria haidai hata siku moja, lakini foleni inakula miaka.

Jambo lingine la kutenganisha mapema: kuomba hifadhi, ile watu wanaita azili, si kitu kimoja na kukubaliwa, kukubaliwa si ukaaji wa kudumu, ukaaji wa kudumu si uraia. Ni milango ine, na kila mulango uko na saa yake. Mutu akisema "niko na makaratasi", ulizo la kwanza la familia linapaswa kuwa: ya mulango gani?

Afrika ya Kusini: miaka kumi, lakini tangu lini?

Kwa watu wa Haut-Katanga, njia ya Kasumbalesa ndiyo ya karibu, kwa hiyo vizuri kuanza na Afrika ya Kusini. Ndiko pia watu wanakosea hesabu kwa uchungu zaidi.

Sheria ya wakimbizi ya inchi hiyo ni ya mwaka 1998. Ilisema kwamba mukimbizi aliyekaa miaka 5 bila kukatisha, kuanzia siku aliyopewa hifadhi, anaweza kuomba ukaaji wa kudumu, kama serikali inahakikisha kwamba ataendelea kuwa mukimbizi bila mwisho kujulikana. Sheria hiyo ilibadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2020 miaka hiyo 5 imekuwa 10.

Maneno yanayobeba uzito wote ni haya: kuanzia siku aliyopewa hifadhi. Kule kuko karatasi mbili ambazo Wakongomani wanaziita kwa namba za vifungu vya sheria. Kifungu 22 ni karatasi ya mutu anayeomba, bado hajajibiwa. Kifungu 24 ni ya mutu aliyekubaliwa. Mutu anaweza kurudisha upya karatasi ya kifungu 22 mwaka kwa mwaka, afanye kazi, aoe, azae watoto wanaosema Kizulu kuliko Kiswahili, na bado saa yake ya miaka 10 haijahesabu hata dakika moja.

Mufano: kijana aliondoka Likasi mwaka 2012. Alitembea na kifungu 22 miaka 9. Mwaka 2021 akapewa kifungu 24. Familia hapa inahesabu tangu 2012 na kusema: njo amepitisha miaka kumi, mbona hapana kitu? Kumbe kwa sheria miaka yake 10 inatimia 2031. Kiisha hapo anaomba hati ya kuhakikisha kwamba ataendelea kuwa mukimbizi, na ni kiisha kuipata ndipo anaingiza maombi ya ukaaji wa kudumu kwenyewe. Jibu la kweli kwa familia hiyo ni "si mbele ya 2031, na foleni mbili juu yake".

Kuongeza hapo, sheria ile mupya inaomba waziri aangalie pia juhudi za kuleta amani mu inchi mukimbizi alikotoka. Kwa mutu wa Rutshuru ao Masisi, ulizo hilo linajibika kirahisi. Kwa mutu wa Likasi linaweza kuwa gumu zaidi, na ndiyo sababu anapaswa kuweka vizuri kila karatasi inayoonyesha kwa nini yeye mwenyewe, si inchi yake tu, hawezi kurudi.

Ubelgiji inahesabu tangu siku ya kuomba

Mu Ubelgiji mambo yako kinyume. Mbele ya mwezi wa 7 mwaka 2016, mutu aliyetambuliwa kuwa mukimbizi alipewa palepale haki ya kukaa bila mwisho. Kwa walioomba tangu tarehe 8 Julai 2016, sheria inatoa kwanza ukaaji wa miaka 5. Miaka 5 ikiisha, ukaaji unakuwa wa bila mwisho, isipokuwa kama hali yake ya mukimbizi imeondolewa ao imekatishwa.

Lakini miaka hiyo 5 haihesabiwi tangu siku ya jibu; inahesabiwa tangu siku mutu alipoomba hifadhi. Kama aliomba mwezi wa 3 mwaka 2021 na akatambuliwa mwezi wa 9 mwaka 2023, miaka yake inatimia mwezi wa 3 mwaka 2026, si 2028. Ile miaka miwili na nusu aliyolala ku kituo cha wakimbizi akifikiri inapotea bure, kumbe ilikuwa inahesabika. Kuna watu wanaopitisha tarehe yao bila kujua, wanaendelea kuambia familia "bado miaka miwili".

Wale waliopewa ulinzi wa aina ya pili, ule unaotolewa kwa mutu anayekimbia vita bila yeye binafsi kutafutwa, wanaanza na karte ya mwaka 1, kiisha inarudishwa kwa miaka 2 miwili. Nao wanafika ku ukaaji bila mwisho kiisha miaka 5 tangu kuomba.

Ufaransa, kwa mukimbizi kamili, hakuna miaka ya kungoja: akitambuliwa na OFPRA ao na mahakama ya CNDA, anastahili karte ya miaka 10 moja kwa moja. Mwenye ulinzi wa aina ya pili anapata karte ya miaka 4, na kiisha miaka hiyo anaweza kuomba ile ya 10. Sasa kwa nini kuna watu waliotambuliwa ambao bado wanaonyesha karatasi ya muda? Kwa sababu ya vyeti. Mukimbizi haombi cheti cha kuzaliwa ku ambasade ya inchi aliyoikimbia. OFPRA ndiyo inamutengenezea cheti kipya cha kuzaliwa na cha ndoa, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi mingi. Majina yakitofautiana kati ya yale aliyosema siku ya kwanza na yale yaliyo ku karatasi zilizotoka Likasi, miezi inaongezeka. Hilo litarudi chini, kwa sababu dawa yake iko hapa hapa.

Canada: sheria haidai siku, foleni inadai miaka

Ndugu akikubaliwa na baraza la wakimbizi la Canada, anaweza kuingiza maombi ya ukaaji wa kudumu bila kungoja mwaka wala miezi sita. Watu wanasikia hivyo na wanafikiri karte itakuja mu miezi mitatu. Hapana. Canada inapanga kila mwaka hesabu ya watu itakaowapa ukaaji wa kudumu, na mu hesabu hiyo kuna fungu la wakimbizi waliokubaliwa ndani ya inchi pamoja na familia zao zilizobaki ngambo. Mu mupango wa mwaka 2025, fungu hilo lilikuwa na nafasi 20,000. Maombi yakiingia mengi kuliko nafasi, yanapangwa moja nyuma ya lingine.

Hapa hesabu ni ile ya watu waliopanga foleni ku robine ya maji. Kama kuna bido 60 mbele yako na robine inajaza bido 20 kwa saa, utafikiwa kiisha saa 3. Hata ukiamka mapema na bido yako iwe safi, saa 3 ni saa 3. Kwa Canada, gawanya watu walio mbele kwa nafasi za mwaka: foleni ya watu 60,000 na nafasi 20,000 kwa mwaka inatoa karibu miaka 3. Anayefwata mambo haya anapaswa kuangalia hesabu mbili hizo, si kusikiliza rafiki aliyepata karte yake katika 2019 wakati foleni ilikuwa nyingine.

Na robine inaweza kufunguliwa zaidi. Mu mupango uliotangazwa mwezi wa 11 mwaka 2025, Canada ilisema itafanya kwa mara moja kazi ya kupatia ukaaji wa kudumu wakimbizi karibu 115,000 waliokwisha kukubaliwa, mu miaka 2, nje ya fungu la kawaida. Kwa waliokuwa wamepanga foleni, tangazo hilo moja linapunguza muda kuliko barua zote za avoka. Wanaokaa Québec, na Wakongomani wengi wako kule kwa sababu ya Kifaransa, wajue kwamba jimbo hilo linapanga hesabu yake lenyewe. Muda wa Toronto hauwezi kutumiwa kukadiria muda wa Montréal.

Marekani: mwaka 1 wa sheria, na historia ya kuchunguza

Mu Marekani, mutu aliyepewa hifadhi anapaswa kupitisha mwaka 1 akiwa ndani ya inchi, ndipo apewe ukaaji wa kudumu. Anajaza fomu I-485, na kinachotoka ndiyo ile green card. Siku alizotoka nje ya Marekani hazihesabiwi mu mwaka huo. Karte ikitoka, tarehe yake ya ukaaji inarudishwa nyuma mwaka mmoja. Ni zawadi ndogo ya sheria: miaka 5 ya kungojea uraia inabaki 4 tangu siku karte inapokubaliwa. Waliopelekwa na Umoja wa Mataifa kutoka kambini, wakimbizi walioingia na karatasi ya ukimbizi tayari, wanahesabiwa tangu siku waliyofika.

Foleni ya Marekani inafaa kuchunguzwa kwa sababu imekwisha kuonyesha namna makadirio yanavyoweza kuvunjika. Sheria ya wakimbizi ya 1980 iliweka kipimo cha watu 5,000 kwa mwaka waliopewa hifadhi ambao wangeweza kupata green card. Mwaka 1990 kipimo kikapandishwa kuwa 10,000. Lakini watu waliokubaliwa walikuwa wengi zaidi, na mu miaka ya 2000 foleni ilipita miaka 10. Mutu alikuwa na hifadhi, anafanya kazi, analipa kodi, na anaambiwa angoje mupaka mutoto wake aliyezaliwa kule afike shule ya msingi. Watu wakaenda mahakamani, na ikajulikana kwamba serikali ilikuwa imeacha nafasi nyingi bila kuzitumia miaka ya nyuma. Mu mapatano ya 2005 nafasi 31,000 zikarudishwa. Mwaka huo huo, mwezi wa 5, bunge likaondoa kipimo kile kabisa. Aliyekadiria mwanzoni mwa 2005 kwamba bado miaka 10, hesabu yake ilikuwa safi, lakini sheria ilibadilika chini ya miguu yake.

Na inabadilika upande mwingine vilevile. Mwezi wa 3 mwaka 2025, ofisi ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, ilisimamisha kwa muda kazi ya kumalizia maombi ya green card ya wakimbizi na ya waliopewa hifadhi, ikisema inaongeza uchunguzi. Mwisho wa mwezi wa 11 mwaka huo huo, ikasimamisha maamuzi yote ya hifadhi. Dosie iliyosimamishwa namna hiyo haina kosa, na mwenye dosie hana kosa. Kwa makadirio, miezi ya kusimama inapaswa kuongezwa juu, na hakuna avoka anayeweza kuifuta kwa pesa.

USCIS inaandika pia muda wa kushughulikia kila aina ya fomu. Watu wanauchukua kama ahadi. Maana yake ni hii: ofisi inaangalia dosie ilizozimaliza mu miezi 6 iliyopita, na inasema 80 kati ya 100 zilimalizika mu muda fulani. Kwa hiyo 20 zilipita muda huo, na hesabu inaangalia nyuma, si mbele. Wazee wa Likasi waliofanya kazi ku reli wanaelewa upesi: saa iliyoandikwa ku kibao cha gare na saa treni inaingia ni vitu viwili, na kujua treni ya jana iliingia saa ngapi kunasaidia, lakini hakusimamishi treni ya leo mbele ya macho yako.

Karibu na sisi, bila saa

Zambia iko na sheria mupya ya wakimbizi tangu 2017, na Wakongomani wengi wako Meheba na Mantapala, kambi ambayo ilifunguliwa Nchelenge mwaka 2018 kwa waliokimbia upande wa Pweto na Tanganyika. Lakini haiko kama Ubelgiji ao Marekani, ambako mukimbizi anaweza kuhesabu miaka na kusema siku fulani nitaomba. Kilichofanyika Zambia kwa Waangola na Wanyarwanda wa zamani, waliopewa njia ya kukaa kihalali kiisha hali yao ya ukimbizi kumalizwa, kilikuwa uamuzi wa pekee wa serikali, tangu 2014. Mutu wa Meheba akiambiwa na komisionere "kiisha miaka fulani inatoka yenyewe", aombe aonyeshwe kifungu cha sheria.

Tanzania nayo inafundisha kitu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia, karibu watu 162,000, na jambo hilo likatangazwa mwaka 2010. Vyeti vyenyewe vilianza kutolewa mwezi wa 10 mwaka 2014. Miaka 4 kati ya "mumekubaliwa" na karatasi mukononi, baada ya miaka 38 ya kungoja.

Familia haipaswi kungoja karte

Kosa linalogharimu familia za hapa kuliko yote si la kuhesabu foleni vibaya. Ni kuamini kwamba muke na watoto hawawezi kuombewa mupaka baba apate karatasi ya kukaa siku zote.

Kwa Marekani, aliyepewa hifadhi anaombea muke ao bwana na watoto wake kwa fomu I-730, na anapaswa kuiingiza mu miaka 2 tangu siku aliyokubaliwa. Green card haiombwi. Anayengoja karte kwanza, na foleni ikapita miaka 2, amefunga mwenyewe mulango uliokuwa wazi. Kurudi kuomba nje ya muda kunategemea huruma ya ofisi. Ndoa inapaswa kuwa ilikuwako mbele ya kukubaliwa. Mutoto anapaswa kuwa hajaoa ao hajaolewa, na awe chini ya miaka 21. Lakini kama aliandikwa mu maombi ya hifadhi, umri wake unashikwa siku baba alipoingiza maombi hayo. Kwa hiyo mutoto aliyekuwa na miaka 19 siku ile anaweza kuwa na 24 leo na bado ahesabiwe. Akiolewa tu, nafasi inapotea. Familia inayopokea mali ya binti yake huku dosie inangoja, ijue inachagua nini.

Kwa Canada, muke na watoto waliobaki Likasi wanaandikwa mu maombi yale yale ya ukaaji wa kudumu, na umri wa mutoto, chini ya miaka 22, unashikwa siku ya kuomba hifadhi. Kila mutoto atajwe, hata yule wa nje ya ndoa, hata yule anayelelewa na bibi ku Kambove. Mutoto asiyetajwa na asiyechunguzwa anaweza kuzuiwa nyuma, na aibu iliyofichwa siku ile inalipwa na mutoto. Ufaransa inaangalia kwamba mutoto hajapita miaka 19 siku familia inapoomba viza.

Kinachoweza kufanyika Likasi

Foleni ya Ottawa haiwezi kusukumwa kutoka Kikula. Lakini kuna muda mwingine unaopotea hapa hapa: dosie inafikiwa, ofisi inaomba cheti, na cheti hakiko. Barua inatoa siku 30 ao 90, na familia inaanza kukimbia.

Mu Kongo, kuzaliwa kwa mutoto kunatangazwa ku komine mu siku 90. Watoto wengi walipita siku hizo bila kuandikwa, na kwao kunahitajika hukumu ya tribunali, ile jugement supplétif, ambayo kiisha inaandikwa mu kitabu cha komine ndipo cheti kitoke. Hiyo si kazi ya wiki moja. Ifanywe sasa, wakati dosie imelala, si siku inapoamka. Cheti kinachotengenezwa haraka haraka wiki mbili mbele ya mahojiano kinaleta mashaka kuliko kutokuwa nacho, na ndipo ofisi inaomba vipimo vya damu, ADN, na miezi mingine inaenda.

Kuna pia mutego wa majina ya inchi yetu. Mzee aliyezaliwa mbele ya 1966 anaweza kuwa na karatasi inayosema Jadotville. Ndugu yake mudogo, aliyeandikwa 1985, iko Likasi, jimbo la Shaba, inchi ya Zaïre. Mutoto wa 2005 ni Likasi, Katanga. Mujukuu wa 2017 ni Likasi, Haut-Katanga. Mutumishi wa biro ya ngambo asiyejua historia anaona miji miwili, majimbo matatu na inchi mbili. Barua fupi ndani ya dosie inayoeleza kwamba ni muji mumoja inaweza kuokoa miezi. Vilevile kwa majina ya watu: sisi tuko na jina, postnom na jina la ubatizo, na fomu ya ngambo iko na nafasi mbili tu. Ilunga Kabwe Marie anaweza kuwa Marie Ilunga ku karatasi moja na Kabwe Ilunga ku nyingine. Familia iombe picha ya karatasi ya ndugu yao jinsi ilivyoandikwa kule, na ihakikishe kwamba vyeti vya watoto vinaandika jina la baba herufi kwa herufi namna ile.

Mwenye dosie naye ana kazi moja ndogo ambayo watu wanaisahau: kutangaza anwani mupya kila anapohama. Barua iliyotumwa ku nyumba ya zamani inahesabiwa kuwa imefika.

Wale komisionere wanaosema wako na mutu ndani ya ofisi anayeweza "kupandisha dosie" wanauza kitu kisichokuwako. Mahali ambapo ofisi zenyewe zinakubali kuharakisha, kwa ugonjwa mukubwa kwa mufano, mwenye dosie anaomba mwenyewe na anaonyesha ushahidi.

Kilio

Kinachobaki ni kigumu kusema mu familia. Mama anafariki, na watu wote wanapiga simu: njoo uzike mama yako. Mukimbizi ambaye bado hana ukaaji wa kudumu, akirudi Kongo ao akichukua pasipoti ya Kongo ju ya safari, anaweza kuambiwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa inchi aliyosema inamutafuta. Hifadhi inaweza kuondolewa, na miaka yote iliyohesabiwa inaenda nayo. Mu Canada, tangu mwisho wa 2012, hata mwenye ukaaji wa kudumu tayari anaweza kuupoteza kwa sababu hiyo, mupaka siku anapokuwa raia. Kwa hiyo anayekosa kilio si lazima awe amekataa kuja.

Kuna njia ambayo familia zinaweza kutumia: kukutana mu inchi ya tatu. Mwenye hifadhi anaomba pasipoti ya wakimbizi, ile ya mapatano ya 1951, anaomba viza ya Zambia mbele ya kusafiri, na aulize avoka wake kama siku za kutoka zitaharibu hesabu yake. Familia inatoka Likasi, kilometa karibu 120 mupaka Lubumbashi, karibu 90 tena mupaka Kasumbalesa, na inavuka na karatasi zake. Mu Ndola ao Kitwe wanaweza kulia pamoja siku tatu, na dosie inabaki mahali pake mu foleni.